UZI: Askari wa Napoleon alikula nini, alilala wapi, na viatu vyake viliibiwa na nani?

#1 Mdeki (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani hakupiti mwezi bila uzi wa Napoleon, na mambo ni yale yale: mapigano ya Austerlitz, ya Waterloo, nani alichelewa, mvua ingekatika mapema ingekuwaje. Leo naomba majenerali wapumzike. Tumwongelee yule jamaa wa mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto, ambaye hakuna aliyejisumbua kumchora. Alikula nini? Nani alimfulia? Akikumbuka kwao alifanyaje?

Nina sababu yangu. Nilipita kambini kwa mujibu wa sheria, miaka mingi imepita sasa, na kitu ninachokikumbuka kuliko kwata ni foleni ya maharage. Kingine ni buti. Wiki ya pili tu niliamka nikakuta zangu hazipo chini ya kitanda. Nikaazimwa nyingine kubwa, nikazijaza magazeti, nikapiga gwaride kama bata. Toka hapo nikisoma kumbukumbu za askari yeyote wa zamani, kwanza natafuta alivaa nini miguuni na alikula na nani.

Tuanzie mlangoni. Septemba 1798 Ufaransa ilipitisha sheria kwamba kila kijana wa kiume wa miaka 20 hadi 25 anaweza kuitwa jeshini. Vijana wa eneo walikusanywa, kila mmoja akatumbukiza mkono kwenye chombo na kuokota kikaratasi chenye namba. Namba ndogo, funga mzigo. Namba kubwa, rudi kwa mama. Baba mwenye nazo alimnunulia mwanawe mbadala, yaani kijana maskini wa kwenda badala yake kwa mkataba uliosainiwa, na bei ya mbadala ilipanda kadiri vita vilivyozidi kumeza watu. Wasio nazo walioa haraka haraka, maana mwenye mke alikuwa na nafasi ya kupona. Wengine walikimbilia milimani, na hapo serikali ilikuwa na dawa yake: inaleta askari wakae nyumbani kwenu, wale chakula chenu, mpaka mtoto ajitokeze. Na wapo waliojikata kidole cha kufyatulia, au waliojing'oa meno ya mbele.

Sasa akishafika kikosini. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Askari wa Kifaransa hakupewa chakula chake peke yake. Aliwekwa kwenye kikundi cha watu kumi na kitu kilichoitwa ordinaire. Kikundi kilikuwa na chungu kimoja cha chuma, na kila siku mmoja wao alikuwa mpishi. Koplo alikata kasehemu ka mshahara wa kila mtu, akaenda sokoni kununua mboga, chumvi na kitunguu. Nyama ilichemshwa masaa mpaka ikawa mchuzi, mkate ukamegewa humo, na hiyo ndiyo supu, mara mbili kwa siku: asubuhi iliyokwishapanda, na jioni jua likielekea kushuka.

Namna ya kula ndiyo iliyonifurahisha. Wote wanasimama duara kuzunguka chungu, kila mtu na kijiko chake. Unasogea hatua moja, unachota kijiko kimoja, unarudi nyuma na kumezea hapo ulipo. Anafuata mwingine. Mpaka duara lirudi kwako hurudii, na ukirudia kila mtu kaona. Waliolelewa kwenye sinia wanajua ninachosema: kuna mtoto aliyekuwa akichimba nyama upande wa wenzake, na kila mtu alimjua kwa jina.

Hoja yangu ni moja, naiweka hapa mnishambulie: lile jeshi tunaloambiwa lilikuwa la watu laki kadhaa, kiukweli lilikuwa la vyungu elfu kadhaa. Mtu hakupigania Napoleon kila siku. Napoleon alimwona kwenye ukaguzi, tena kwa mbali. Alipigania watu ambao jioni angesimama nao duara.

Nakuja na sehemu ya pili. Maswali ruksa.

#2 Kibarua wa Usiku

Siti ya mbele, bisi mkononi. Tiririka mkuu.

#3 Mpare Halisi

Mleta uzi unaandika vizuri, ila hapo kwenye meno umetupa chai. Mtu ang'oe meno ili asiende vitani? Meno na bunduki wapi na wapi?

#4 Mdeki

Mkuu Mpare, sio chai. Bunduki ya wakati ule ilikuwa gobore. Baruti na risasi vilifungwa pamoja ndani ya karatasi, kibunda kimoja kwa kila mlio. Mkono wa kushoto umeshika bunduki, kwa hiyo karatasi unaichana kwa meno. Unamwaga baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni na kukifunika. Unasimamisha bunduki, unamimina baruti iliyobaki mdomoni mwa mtutu, unatia risasi na karatasi yake, unachomoa mdeki (ile fimbo ya kushindilia), unashindilia, unarudisha mdeki mahali pake. Ndipo unalenga. Aliyezoea alipata milio miwili au mitatu kwa dakika. Bila meno ya mbele huwezi kazi hiyo, ndiyo maana daktari wa jeshi alikuwa anakwambia fungua mdomo.

Na kila ukichana, punje za baruti zinaingia mdomoni. Baruti ina shura, nayo ni chumvi chumvi. Baada ya milio ishirini midomo imekuwa meusi, koo limekauka, na mtu yuko tayari kuuza cheo kwa kikombe cha maji.

Tukiwa kwenye meno: baada ya Waterloo, Juni 1815, watu walipita uwanjani wakiwang'oa maiti meno na kuyauza, wataalamu wakayatengenezea meno bandia ya matajiri. Kijana kayatunza meno yake, kapita kwa daktari, kafia Ubelgiji, kisha meno yanaenda kutafuna nyama ya kuchoma kwenye karamu ya mtu London.

#5 Mwana wa Kizingo

Babu yangu bunduki ya namna hiyo aliita gumegume, kwa sababu ya lile jiwe la kutoa cheche. Alisema siku ya mvua ni fimbo tu.

#6 Mdeki

Kabisa ndugu yangu. Baruti ya kwenye kisahani ikilowa, kinachobaki ni singe na miguu yako.

Haya, sehemu ya pili: viatu na kulala.

Viatu vyao havikuwa na kulia wala kushoto. Vyote viwili vilishonwa kwa umbo moja, wewe ndiye wa kuvifundisha mguu. Askari alibeba jozi za akiba kwenye mkoba wa ngozi mgongoni, ulioshonwa na manyoya yake kwa nje. Ukijumlisha mkoba, bunduki ya zaidi ya kilo nne, vibunda vya baruti, koti kubwa na mkate wa siku kadhaa, mzigo ulikaribia kilo 30 kwa kijana ambaye mara nyingi alikuwa mfupi kuliko sisi. Mwaka 1804 Napoleon aliunda hata kombania za wafupi, voltigeurs, waliotakiwa wasizidi kama mita 1.6. Wafupi wepesi mbele, warefu kwenye kombania ya wateule. Kila mtu akapata cha kujivunia, na hiyo ilikuwa akili kubwa ya huyu bwana.

Viatu vya wazabuni vilifumuka njiani. (Wazabuni ni wale wale, karne yoyote.) Ndiyo maana maiti yeyote, wa kwenu au wa adui, kitu cha kwanza kuvuliwa ni viatu.

Kulala: kuanzia kampeni ya 1805 jeshi la Napoleon lilitembea bila mahema. Mahema yanataka mikokoteni, mikokoteni inachelewesha. Basi jioni mnawasha moto, mnatafuta majani makavu, mnalala miguu ikielekea motoni, mkoba ndio mto. Penye kijiji mnatafuta mlango na dari, na vyote viwili vinaishia kwenye moto. Mwenye nyumba anaamka asubuhi anakuta nyumba haina mlango. Vita vya Ulaya vilikuwa hivyo kwa mkulima: hakuna risasi iliyopigwa, lakini kuku hayupo na uzio hayupo.

Wakiwa kwenye mji wa amani walipewa karatasi yenye jina la mwenyeji. Unabisha hodi, unaionyesha. Kwa desturi ya Wafaransa mwenyeji alikuwa na deni la kukupa nafasi kwenye moto wake na kwenye mwanga wa mshumaa wake. Chakula kinaweza kuwa mjadala, lakini moto na mshumaa ni haki yako. Kuna waliogombana na wenyeji, na kuna waliofika kuoa humo humo.

#7 Bibie wa Chumbageni

Kaka Mdeki, umeongelea kufuliwa nguo halafu umepita kimya. Nani alikuwa anafua? Au wanawake kwenye historia zenu huwa hawapo?

#8 Mdeki

Dada, haki yako. Tena nilikuwa nawatunzia mahali pao.

Kila kikosi cha Kifaransa kilikuwa na wanawake wachache wenye kibali cha maandishi: wafuaji, na wauzaji walioitwa cantinières au vivandières. Kwa lugha yetu, mama ntilie wa kikosi. Mara nyingi alikuwa mke wa askari wa hapo hapo. Alikuwa na punda au kigari, na kipipa kidogo cha pombe kali alichokining'iniza begani kwa mkanda. Aliuza pombe, tumbaku, soseji, sindano na uzi, karatasi ya barua. Alikopesha mpaka mshahara utoke, na mshahara ulikuwa unachelewa miezi, kwa hiyo daftari lake lilikuwa nene kuliko la mhasibu wa jeshi. Vita vikianza wengi wao waliingia mpaka kwenye moshi na kile kipipa, na hapo wengi hawakudai hela.

Watoto wao walikuwa wa kikosi. Mtoto wa kiume aliandikishwa akiwa bado mdogo kabisa, akapata mgao wake, akakua akiwa mpiga ngoma, na akifika umri anapokea bunduki. Watu hao kijiji chao kilikuwa batalioni.

Waingereza walikuwa na utaratibu wa kuumiza. Kikosi kikipelekwa ng'ambo, kila kombania iliruhusiwa kuchukua wake kama sita hivi, basi. Usiku wa kuamkia safari, pale bandarini, wake wote wanaokota vikaratasi kwenye kofia: "kwenda" au "kubaki". Aliyepata "kubaki" anaagana na mumewe gatini, pengine na mtoto mgongoni, bila kujua atafikaje kwao. Aliyekwenda alipata nusu ya mgao wa askari, mtoto robo. Mume akifa, mjane asiye na mume mwingine kikosini anapoteza mgao. Kwa hiyo kule Hispania na Ureno, miaka ya 1808 hadi 1814, kuna wajane walioolewa tena ndani ya siku chache, wengine mara ya tatu. Watu wa nyumbani waliwasema vibaya. Mimi nikiangalia ule mgao wa nusu naelewa.

#9 Bibie wa Chumbageni

Kwenda au kubaki, kwenye kofia. Jamani.

#10 Afande Mstaafu

Salaam kwa wote. Uzi mzuri, lakini naomba nipinge. Nimekaa jeshini zaidi ya miaka ishirini. Hiyo ya chungu ni tamu kusikia, ila jeshi linashikiliwa na nidhamu. Ondoa sajini uone kama hao wa chungu kimoja hawatarudi makwao. Wewe mwenyewe umesema watu walijikata vidole.

#11 Mdeki

Shikamoo afande.

Nakubali nusu. Hofu ilikuwepo. Kwa Waingereza ilikuwa kiboko hadharani: kikosi kinapangwa pande tatu za mraba, mtu anafungwa, wapiga ngoma wanachapa kwa zamu, na mahakama ya jeshi ilikuwa na uwezo wa kuhukumu viboko mamia, hata kufikia elfu. Wafaransa viboko walivifuta na mapinduzi yao. Kwao ilikuwa mahabusu, kazi ngumu na mnyororo wa tufe la chuma mguuni, au ukutani alfajiri ukipigwa risasi. Wafaransa walijivunia sana kwamba hawachapwi.

Ila angalia kilichofanyika kwa mwizi wa wenzake. Aliyeiba mkate au hela ya mtu wa chungu chake hakupelekwa kwa ofisa. Wenzake walimlaza na kumchapa makalioni kwa soli za viatu, zamu kwa zamu. Adhabu hiyo ilikuwa na jina, savate, kiatu chakavu. Sheria hiyo haikutoka makao makuu, ilitoka kwenye duara. (Nakiri nikisoma ukurasa ule nilimkumbuka aliyeondoka na buti zangu, nikatabasamu peke yangu kwenye daladala.)

Na sehemu ambayo sajini hakuwa na nguvu tena tunaijua: kurudi kutoka Moscow, baada ya Napoleon kuivamia Urusi, Oktoba mpaka Desemba 1812. Vikosi vimesambaratika, amri hakuna. Walioandika baadaye wanasimulia jambo moja: usiku watu walikaa vikundi vidogo kuzunguka moto, na mgeni asiyekuja na gogo la kuni au kitu cha kutia chunguni alifukuzwa hata kama ni kanali. Aliyekosa kikundi hakuiona asubuhi. Hiyo ni sifa ya chungu, na ni ubaya wake pia.

#12 Afande Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye kanali umenishika. Endelea, nasoma.

#13 Kibarua wa Usiku

Vipi Warusi wenyewe? Walikuwa na chungu?

#14 Mdeki

Walikuwa nacho, tena kwao kilikuwa zaidi. Kuruta wa Kirusi alichukuliwa kwa miaka 25. Kijiji kiliagana naye kama maiti, mama analia kilio cha msiba, kwa sababu kurudi ilikuwa bahati ya mtende. Mkewe aliitwa mke wa askari, si mjane wala si mwenye mume. Kikosini aliingizwa kwenye artel, kikundi kilichochanga hela, kikanunua farasi na mkokoteni, kikapika uji mzito wa nafaka pamoja. Kwa mtu aliyekwisha kuliliwa matanga, artel ndiyo ilikuwa familia iliyobaki.

#15 Mpare Halisi

Sasa mgao wenyewe mkuu. Weka namba, tuone nani kala vizuri.

#16 Mdeki

Kwenye karatasi Mfaransa alipata mkate kama gramu 750 kwa siku, nyama robo kilo, mboga kavu au mchele kidogo, na divai kama robo lita ikipatikana. Mwingereza: nyama ratili moja, mkate ratili moja na nusu au biskuti ngumu ratili moja, na painti ya divai au theluthi ya painti ya ramu. Kwenye karatasi.

Njiani ni habari nyingine. Msimu wa baridi wa 1806 kuingia 1807 jeshi likiwa Poland, inasimuliwa kwamba askari walikuwa wamejifunza maneno machache tu ya Kipoland, la kwanza likiwa chleba, mkate, na la pili jibu walilopewa kila nyumba: nie ma, hakuna. Napoleon akapita kati yao, mmoja akapaza sauti, "Baba, chleba!" Naye akajibu palepale, "Nie ma!" Kikosi kizima kikaangua kicheko. Na njaa ikabaki vile vile. Angekuwa mwingine wangempiga mawe.

Wakongwe wa Gadi yake, yaani kikosi chake cha walinzi wateule, waliitwa grognards, wanung'unikaji. Walikuwa na ruhusa isiyoandikwa ya kunung'unika hata mbele yake, mradi wanatembea. Walivaa hereni za dhahabu masikioni na kusuka mkia mmoja wa nywele kisogoni wakaupaka poda nyeupe, wakati wengine wote walishanyoa. Napoleon mwenyewe walimwita kwa siri "yule mdogo aliyenyolewa".

Kali kuliko zote ni ya Mei 1809, baada ya mapigano ya Essling karibu na Vienna. Majeruhi maelfu walikwama kwenye kisiwa cha Lobau katikati ya mto Danube, chakula hakuna. Daktari mkuu wa Gadi, Dominique Larrey, akaamuru farasi wachinjwe. Sufuria hazipo, wakapikia kwenye deraya za vifuani za wapanda farasi, zikiwa zimelazwa chali juu ya moto. Chumvi haipo, wakatia baruti. Larrey mwenyewe aliandika kwamba mchuzi ulikuwa mzuri.

#17 Kibarua wa Usiku

Supu ya farasi kwa baruti ndani ya deraya. Hii hata Vingunguti haipo.

#18 Mwana wa Kizingo

Ndugu Mdeki, na huku kwetu je? Nimesikia Napoleon Bonaparte alikuwa na habari na Omani.

#19 Mdeki

Ni kweli, ila tusiipambe. Akiwa Misri, Januari 1799, alimwandikia Imamu wa Maskati, Sultan bin Ahmad, na ndani ya barua hiyo aliweka nyingine ya kupelekwa kwa Tipu Sultan, mtawala aliyekuwa adui wa Waingereza kule India. Waingereza wakaikamata barua njiani, upande wa Bahari ya Shamu. Tena walikuwa wamekwisha kuwahi, Oktoba 1798 walishawekeana mkataba na Maskati. Kwa hiyo vita vile vilipita karibu na mlango wetu bila kubisha hodi.

Kwa upande wa Waafrika waliovaa sare zile, yapo mazito. Jenerali wa wapanda farasi kule Misri alikuwa Thomas-Alexandre Dumas, aliyezaliwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, na mama mtumwa. Mwaka huo huo wa 1799 Bonaparte alimwandikia Sultani wa Darfur akiomba kuuziwa watumwa 2,000 wenye nguvu, wa zaidi ya miaka 16, awatie jeshini. Mwaka 1803 Wafaransa waliunda kikosi cha Pionniers Noirs, yaani wachimbaji na wajenzi weusi wa jeshi, wengi wao kutoka visiwa vya Karibi, kikaja kuhamishiwa jeshi la Naples. Waingereza nao, kati ya 1795 na 1807, walinunua Waafrika kama 13,000 kwa ajili ya vikosi vyao vya West India. Serikali ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa soko lile lile ililolipiga marufuku 1807. Hao walikula chungu gani, walimwimbia nani jioni, hakuna aliyewapa kalamu.

#20 Mpare Halisi

Hilo la mwisho lifungulie uzi wake mkuu.

#21 Bibie wa Chumbageni

Na walikuwa wanachukiana kweli hao Waingereza na Wafaransa? Maana umesema mtu anapigania chungu.

#22 Mdeki

Dada, kule Hispania walinzi wa mbele wa pande zote mbili waliishi karibu mno kuweza kuchukiana kila siku. Walibadilishana: Mwingereza ana chai na tumbaku, Mfaransa ana konyagi. Ilikuwa aibu kumpiga risasi mlinzi bila sababu, kwa kuwa haiamui vita na kesho mlinzi ni wewe.

Talavera, tarehe 28 Julai 1809. Alfajiri wameuana, jua limepanda, joto la kiangazi cha Hispania, na mdomo umejaa baruti kama nilivyosema juu. Katikati yao kunapita kijito, Portina. Mapigano yakatulia, watu wa pande zote wakashuka kunywa, maji yenyewe yameshachafuka. Wakapeana mikono, wakabeba majeruhi wao. Kisha ngoma zikalia upande wa Wafaransa, kila mtu akapanda kwao. Mchana wakauana tena mpaka jioni.

#23 Kibarua wa Usiku

Nimesoma mara mbili hiyo.

#24 Afande Mstaafu

Afya zao? Kwetu tulisema kambini adui wa kwanza ni choo.

#25 Mdeki

Afande ulisema kweli. Magonjwa yaliua kuliko risasi. Mwaka 2001 mafundi wakichimba mjini Vilnius, Lithuania, walikuta kaburi la pamoja la jeshi la 1812, mifupa ya watu zaidi ya 3,000. Wataalamu walipochunguza udongo walikuta mabaki ya chawa, na ndani ya meno alama za vijidudu vya homa zinazoenezwa na chawa. Koti la sufu lisilovuliwa miezi mitatu, watu wamelala wamebanana wapate joto: chawa alikuwa peponi.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao madaktari wa jeshi waliuandika kwa jina kamili, nostalgia. Kukumbuka kwao. Kijana anaacha kula, haongei, analala amegeukia ukuta, anakonda mpaka anakufa bila kidonda. Larrey aliutibu kama ugonjwa mwingine wowote. Dawa iliyofanya kazi zaidi ilikuwa karatasi ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Inasemekana wengine walianza kupona walipoionyeshwa tu.

#26 Bibie wa Chumbageni

Barua ziliwafikia?

#27 Mdeki

Zilifika, kwa kuchelewa. Wengi hawakujua kuandika. Jean-Roch Coignet, mmoja wa askari wa kawaida wa kwanza kuvishwa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1804, alijifunza kusoma na kuandika akiwa ameshapita miaka 30, kwa sababu cheo kilidai hivyo. Asiyejua alimtafuta mwenzake wa chungu kile kile, akamlipa kwa glasi ya divai, akamwambia cha kuandika.

Ubelgiji, mjini Liège, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ufaransa, kumehifadhiwa barua zaidi ya elfu moja za makuruta hao. Nilipoanza kusoma tafsiri zake nilicheka, maana zinaanza karibu zote hivi: nachukua kalamu kutaka kujua hali ya afya yenu, na mkitaka kujua yangu, ni njema, namshukuru Mungu.

#28 Mwana wa Kizingo

Subiri. "Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Hiyo ni barua ya marehemu babu, kaandika kutoka melini!

#29 Mdeki

Ndiyo hiyo hiyo ndugu yangu. Salamu mistari mitano. Kisha wanaomba hela. Kisha wanauliza ng'ombe, mavuno, nani kaoa, binti fulani bado yupo? Kisha salamu kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jirani, kwa wote wanaonifahamu. Vita vinatajwa kwa mstari mmoja, tumepigana sana, wengi wa kijiji chetu wamekufa, na majina yao. Kisha hela tena.

#30 Mpare Halisi

Sasa mbona barua za familia zimeishia ofisi ya serikali badala ya sandukuni kwa mama?

#31 Mdeki

Swali zuri kuliko yote ya leo. Sheria ilitoa nafuu kwa kijana ambaye kaka yake tayari yuko vitani. Lakini lazima uthibitishe. Basi namba ya mdogo ikikaribia, mama anaifungua sanduku, anaichukua barua ya mkubwa, anaipeleka mwenyewe kwa wakubwa wa mkoa na kuiacha mezani kwao. Nyingi hazikurudishwa.